Majirani Kwanza

Kazini tulimwita Mkata Vinyama, na hakukasirika. Wauza nyama wa Ipogolo nao walimwita hivyo hivyo, wakiongeza neno "mwenzetu", na hapo ndipo alipokasirika, kwa sababu alisema wao hawajui kunoa kisu. Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza asipoulizwa. Ninachokijua ni kile nilichokiona kwa miaka kumi na minne nikienda kutengeneza hadubini kwenye maabara moja ndogo jijini Mbeya, na baadaye nyumbani kwake Ipogolo, Iringa, alipostaafu. Na ninaandika hasa kwa sababu ya kichwa cha mama jirani yake, ambacho sheria aliyoitunga mzee mwenyewe ilikaribia kukizika.

Kazi yake ilikuwa hivi. Daktari akimfanyia mtu upasuaji, hukata kipande cha uvimbe, kinyama kama tunavyosema, na kukitumbukiza kwenye kichupa chenye dawa. Kichupa kikifika maabara, kinyama huwekwa ndani ya kisanduku cha plastiki kisichozidi kidole gumba, hukaushwa, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa kwa mashine vipande vyembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya vinaruka. Vipande huelea kwenye maji ya uvuguvugu, vikaopolewa kwa kioo, vikatiwa rangi ya waridi na ya zambarau. Hapo daktari bingwa wa vinyama huweka jicho kwenye hadubini na kuandika mtu ana nini. Mzee hakuwa bingwa. Yeye alikata, aliopoa, alitia rangi. Hakuruhusiwa kuandika hata mstari mmoja wa majibu, na jambo hilo lilimuuma kila siku ya kazi.

Mikono yake haikutetemeka. Nilimpima kwa siri siku moja: nilimwona akiopoa kipande kwenye maji huku akimtukana kwa simu fundi bati aliyempaulia nyumba ikavuja, na kipande hakikukunjamana hata ukingo. Mdomo wake, kwa upande mwingine, haukuwa na breki. Aliwasema madaktari, wachungaji na wagonjwa bila upendeleo. Daktari mmoja wa upasuaji alizoea kupiga simu kabla nta haijaganda.

"Mzee, ni mbaya au si mbaya? Nipe neno moja tu."

"Neno moja ni subiri, daktari."

Mchungaji alimuuliza kwa nini haonekani ibadani ila Krismasi. Akajibu kwamba yeye hushinda akitazama kazi ya Mungu ikiwa imekuzwa mara mia nne, na kwamba ana maswali ambayo yangechelewesha ibada hadi Jumatatu. Kwa wauza nyama alikuwa tatizo kubwa zaidi. Aliinua kipande juu kwenye mwanga, akakigeuza, akasema, "Nimekuomba paja, wewe unanipa jirani wa paja." Bucha ya pale chini ya kilima, karibu na barabara kuu, walikuwa wakimwona tu wanaficha visu na kuanza kupanga mifupa.

Neno jirani lilikuwa neno lake. Alikuwa ameamini, miaka mingi kabla sijakuta jambo hilo kwenye vitabu nilivyoazima, kwamba uvimbe wa ubongo hausomeki peke yake. Lazima usome na nyama iliyouzunguka. "Gugu moja," aliniambia, "ukilikuta kwenye jaruba la mpunga Madibira, miguu ndani ya maji, na ukilikuta kwenye tuta la viazi Kilolo, halina tabia moja. Wewe unatazama gugu. Mimi natazama shamba."

Akishanikalisha kwenye kiti chake, alinifundisha. Kuna uvimbe unaozaliwa na ubongo wenyewe, akasema, na huo hauna mpaka. Unatambaa katikati ya nyuzi za ubongo kama maji ndani ya mkeka. Walinzi wa ubongo, yaani seli zinazopaswa kuula, wanakuja wengi sana, lakini ukiwatazama vizuri wamekaa nao wanakula pamoja, na wengine wanaulisha. "Ni mgambo waliotumwa kukamata mwizi, ukawakuta sebuleni kwake." Kuna mwingine unaohamia kichwani kutoka kwenye titi au pafu. Huo huja na tabia za kwao, hujenga uzio wake wa nyuzi ngumu, na askari wa damu hutoka nje ya ubongo kabisa kuja kusimama kwenye uzio huo wakipigana nao, au wakijifanya wanapigana. Na kuna unaoota kwenye ngozi inayofunika ubongo. Huo hauchanganyiki na mtu, unasukuma tu, kama mama mnene aliyechelewa kanisani na benchi limeshajaa.

Kwa haki lazima niseme alitia chumvi. Baadaye nilisoma kwamba mambo si safi kiasi hicho, kwamba hata uvimbe wenye jina moja unaweza kuwa na majirani tofauti kwa mtu na mtu, na hata kona moja ya uvimbe na kona nyingine. Nilimpelekea habari hiyo nikidhani nimemshinda. Akasema, "Sasa ndiyo unaanza kuelewa," akaendelea kunoa kisu chake.

Shida ilikuwa kwamba watu hawakuwatazama hao majirani. Mafundi wengi, kinyama kikiwa kikubwa, walipunguza kingo ili kiingie kwenye kisanduku, na zile kingo zikatupwa. Mzee alikataa. Ukingo aliuweka kwenye kisanduku cha njano, na katikati ya uvimbe kwenye kisanduku cheupe. Juu ya meza alibandika karatasi kwa herufi kubwa: MAJIRANI KWANZA. Maana yake, kata cha njano kabla ya cheupe, kwa sababu daktari akishaona uvimbe hana tena subira ya kutazama kando. Ilikuwa sheria nzuri. Ilimsaidia bingwa mara nyingi kugundua mahali uvimbe ulipoanzia kutambaa. Mzee alipostaafu, mtaalamu aliyerithi meza yake, mama wa watoto wawili aliyefundishwa naye tangu mwanzo, aliiacha karatasi ukutani.

Sasa majirani wa kweli.

Nyumbani kwake Ipogolo, kwenye mpaka wa kiwanja, mzee alikuwa na shina kubwa la mianzi ya ulanzi. Msimu wa mvua aliyakata machipukizi asubuhi na jioni na kuning'iniza mbeta, vikombe vya mwanzi vya kukingia pombe hiyo, na wapenzi wa ulanzi walijua njia. Upande wa pili wa uzio wa michongoma aliishi mama mmoja mshonaji wa majoho ya kwaya, mwimbaji wa sauti ya kwanza, Mlutheri asiyegusa hata togwa lililolala. Tulimwita Mama wa Kwaya. Walevi wakianza kucheka upande huu, yeye alianza mazoezi ya kuimba upande ule, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko walevi wote kwa pamoja. Siku moja machipukizi matatu yaliinamia kwake. Aliyakata kwa panga na kuyaegesha vizuri kwenye uzio, kama mtu anayerudisha sahani.

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Yaani hawakusemeshana wao kwa wao. Mama alikuwa na kuku mwekundu asiye na mkia, aliyepita chini ya michongoma kana kwamba ndiye mwenye viwanja vyote viwili, na huyo akawa tarishi.

"We kuku," mzee husema, sauti ya kusikika hadi barabarani, "ukirudi kwenu mwambie huyo mama kwamba Mungu si kiziwi."

Na kutoka upande wa pili: "Na wewe kuku, ukienda huko usinywe maji yao. Utashindwa kutaga."

Nilishuhudia haya kwa miaka mitatu. Mtu aliyeweza kusema chembe moja ya ukingo wa ubongo inamchukia nani hakuweza kusema kama jirani yake ni mjane au mumewe yuko safarini. Nilimuuliza. Hakujua. Alikuwa mjane, na hata mimi, mpita njia, nilijua.

Kisha mama akaanza kuyumba. Mwanzo ilikuwa kidogo: akitoka nje alishika nguzo ya mlango, akaenda akipanua miguu. Nilikuwa nimekaa na mzee barazani asubuhi moja tulipomwona akikosa ndoo aliyotaka kuishika, mara mbili.

"We kuku," mzee akapaza sauti, "mwulize mama yako ulanzi ananywea wapi. Maana kwangu hajafika, na mimi ndiye mwenye mianzi!"

 Mama alishika mchongoma, ingawa una miiba, akasimama hapo. Mzee alicheka. Naandika kwa usahihi: nami nilicheka.

Maneno yale yalivuka uzio na kuvuka barabara. Wazee wa kanisa walimwita mama, na mmoja wao, kwa ninavyoambiwa, alimwomba apumue. Akavua joho akaliacha juu ya meza yao. Wiki chache baadaye alikuwa akiamka na kichwa cha kupasuka na kutapika kabla hajala kitu, na Jumapili moja akaanguka mlangoni. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi Madibira, alikuja akamchukua. Hospitalini walikuta mfuko wa maji nyuma ya kichwa, kwenye ile sehemu ya ubongo inayotufanya tusimame wima. Walimfungua, wakatoa maji ili asife, wakakata vipande viwili vidogo walivyovifikia, vikapelekwa Mbeya, kwenye ile maabara.

Majibu yalisema: uvimbe wa seli za nyota, aina inayotambaa. Seli za nyota ni zile zinazoushikilia ubongo kama nguzo za kibanda. Zikigeuka uvimbe wa kutambaa mahali kama pale, daktari hana pa kushika kisu. Familia iliambiwa kwa upole kwamba kumfungua tena ni kumtesa. Mama akapanga mambo yake. Aliamuru cherehani yake ipelekwe Kilolo kwa dada yake, kisha naye apelekwe huko akafie kwao.

Nilikuwa Ipogolo siku moja kabla ya safari yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na michongoma, amefunikwa shuka, binti yake amesimama nyuma. Mzee alikuwa upande huu akijifanya anafunga mianzi.

"We kuku," mama akasema. Sauti ilikuwa imepungua. "Mwambie mzee wako, hii karatasi watoto wamenisomea hadi wamechoka kulia. Yeye si anasema anajua majirani? Aisome."

Akapitisha karatasi katikati ya miiba. Mzee aliipokea. Alisoma mara moja, akairudia, na mara ya pili kidole chake kilisimama chini kabisa, mahali ambapo hakuna mgonjwa anayefika: visanduku vilivyopokelewa, viwili, kilichokatwa, kimoja, njano.

"Wamesoma ukuta," akaniambia.

"Ukuta gani?"

"Wa mfuko wa maji, fundi. Ukuta ni jirani! Ni ubongo wake mzima tu, umesukumwa. Seli za nyota zikisukumwa zinavimba na kujipanga vibaya, ukiziona peke yake unaapa ndizo wezi. Mwenye nyumba, yaani uvimbe wenyewe, anakuwa kadonge kadogo kamekaa pembeni. Yuko kwenye cheupe."

Nilimuuliza kama hiyo ni habari njema.  "Sijui," akasema. "Yaliyomo kwenye cheupe yanaweza kuwa afadhali. Yanaweza pia kuwa mabaya kuliko haya." Kisha, bila kumtumia kuku, alimwambia binti: "Mwanangu, mama asiende Kilolo kesho. Nipe siku mbili." Na mama, bila kumtazama, akamwambia kuku kwamba siku mbili anazo.

Tulipanda basi la kwanza la Mbeya. Njia nzima hakumsema mtu, na mimi nikaanza kuogopa.

Maabara ilikuwa kama alivyoiacha. Mtaalamu aliyerithi meza alisimama kumpokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee! Umekuja kutukagua?"

"Marahaba. Nimekuja kuuliza cheupe."

Akamtajia namba. Yule mtaalamu akafungua daftari, kisha droo. Kisanduku cheupe kilikuwemo, kimegandishwa ndani ya nta, hakijaguswa. "Mzee, kisu cha mashine kilikuwa cha mwisho, kikaisha makali baada ya cha njano, na vipya vimefika jana tu. Hospitali walikuwa wanapiga simu kila siku, mgonjwa hali mbaya. Nikaona nipeleke kilichopo. Si ulitufundisha hivyo?" Akaonyesha ukuta kwa kidole, bila ubaya wowote. MAJIRANI KWANZA. Herufi zilikuwa za mzee mwenyewe, wino umepauka.

Alisimama akiitazama karatasi yake kama mtu anayesoma majibu yake ya damu. Kisha akavua koti, akaomba vazi la kazini, akaketi kwenye mashine. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mikono yake ilitetemeka. Aliiweka mezani, akasubiri ikome, akaanza kukata.

Kioo kilipokuwa tayari aliniambia nitazame kwanza mimi. Nikaona mishipa midogo mingi, imesokotana kama uzi wa kufumia uliochezewa na paka, na katikati yake seli nono zimejaa povu. Hapakuwa na kitu kilichotambaa.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," akasema nilipompisha. "Anaishi peke yake. Amejivutia mabomba yake, mabomba yanavuja, maji yakafurika kwa majirani. Majirani wamevimba kwa hasira, sisi tukaja tukawakamata wao." Kisha, polepole: "Huyu anang'oleka, fundi. Unamtoa yeye, ukuta unauacha, mtu anapona."

Bingwa alifika saa kumi alasiri. Alitazama kioo, akaandika majibu mapya, akatia sahihi. Alipokuwa akifunga kalamu alisema, "Mzee, hii sheria ya ukutani..."

"Najua ni ya nani," mzee akamkatiza. Akachukua kalamu ile ile na kuongeza chini ya maneno yake: LAKINI WASIENDE PEKE YAO. Kisha akachukua uzi, akafunga kisanduku cha njano na cheupe pamoja, akamkabidhi mrithi wake. Hadi leo, nikienda pale kusafisha lenzi, nakuta visanduku viwili viwili vimefungwa uzi, kama viatu vya mtumba.

Mama alifunguliwa kichwa tena. Kadonge kalitolewa. Alirudi Ipogolo anatembea kwa kupanua miguu, taratibu, lakini anatembea, na cherehani ikarudi kutoka Kilolo. Mkata Vinyama akawa shujaa, na hapo ndipo alipoharibikiwa kabisa. Kanisa zima lilijua kwamba mzee yule mpagani alikwenda Mbeya akamtoa dada yao kaburini. Kwaya ilikuja nyumbani kwake kumshukuru wakiwa wamevaa majoho, wakaimba wimbo wa beti nane, na yeye alisimama beti zote nane akiwa ameficha mbeta nyuma ya mgongo. Yule mzee wa kanisa aliyemwomba mama apumue ndiye aliyeomba sala ya mwisho.

"Fundi," aliniambia walipoondoka, "nimeimbiwa kwa kosa langu." Hakuwa amemwambia mtu sheria ilikuwa ya nani. Miezi ikapita. Akaendelea kupokea mayai, ndizi na salamu. Alikonda.

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa msimu uliopita wa ulanzi. Mianzi ilikuwa haijakatwa hata chipukizi moja, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Upande wa pili cherehani ilikuwa ikilia. Mzee aliniacha kwenye kiti, akaenda hadi kwenye michongoma. Kuku mwekundu alikuwa akichakura pale chini.

"We kuku," akasema. Sauti haikufika barabarani. "Mwambie mama hivi. Ile karatasi ya kwanza, iliyotaka kumpeleka Kilolo, ilitokana na sheria. Yule binti wa maabara aliifuata tu. Sheria ilikuwa yangu. Na habari ya ulanzi pia ilitoka mdomoni mwangu. Mwambie hivyo. Basi."

Cherehani ilinyamaza. 

"Yule kuku," mama akasema, "tulimla siku niliyotoka hospitali. Huyo unayemtuma ni wa kwa mchungaji, ana mkia, hata hutazami. Hajui habari zetu. Kama una neno la kuniambia, pita mlangoni uje uniambie mimi."

Mzee alivaa kofia, akaivua, akaiacha kwangu. Alitoka kwa lango lake hadi barabarani, akageuka, akaenda hadi lango la pili. Hatua zipatazo arobaini ambazo kwa miaka yote sikumwona akizipiga. Akasimama kwenye mlango, ambao ulikuwa wazi.

"Hodi," akasema.

Mama, aliyekuwa anamwona vizuri kabisa, alichagua uzi, akautia kwenye sindano, akamwacha apige hodi mara tatu ndipo akamkaribisha.